Kutenganisha galaksi nyekundu na za buluu kwa data ya SDSS

Galaksi zilizo jirani nasi zina makundi mawili makubwa: nyekundu, ambazo zimekaribia kuacha kuzaa nyota, na za buluu, ambazo bado zinazaa. Hapa tutayaona makundi hayo kwa Python na maktaba zake Astropy, pandas na Matplotlib. Kompyuta ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Chota data

SDSS (Sloan Digital Sky Survey), mradi wa kupima anga, hutumia darubini ya mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico, na data yake iko wazi kwa yeyote. Jisajili CasJobs, tovuti ya kuomba data hiyo kwa SQL, kisha tuma ombi hili:

```
SELECT p.objID, p.dered_u, p.dered_r,
       p.expAB_r, s.z AS zspek
FROM Galaxy AS p
JOIN SpecObj AS s ON s.bestObjID = p.objID
WHERE s.class = 'GALAXY' AND s.zWarning = 0
  AND s.z BETWEEN 0.02 AND 0.08
  AND p.petroMag_r - p.extinction_r < 17.77
```

Usiniondolee hiyo `AS zspek`. Kwenye `SpecObj`, z ni redishifti, yaani kiasi ambacho mawimbi ya mwanga yamerefuka kuelekea wekundu; ikiwa kubwa, galaksi iko mbali. Kwenye `Galaxy`, z ni mwangaza kupitia kichujio kiitwacho z. Herufi moja, vitu viwili. Nilipoanza utafiti wa baada ya uzamivu niliandika `p.z`, nikapata galaksi zenye redishifti 17. Programu haikulalamika, Astropy ilinikokotolea umbali wake bila kuguna. Siku nne nilirembesha grafu ya upuuzi, hadi mwenzangu aliponiuliza mbona mhimili wangu unaishia mbali hivyo.

Hatua ya 2: Iache kodi ikukemee

```
d = d[(d["dered_u"] > 0) & (d["dered_r"] > 0)]
assert d["zspek"].max() < 0.1
```

`d` ni jedwali la matokeo ya ombi, lililosomwa kwa pandas. Mstari wa kwanza unafuta -9999, alama ya kipimo kilichokosekana. Wa pili ungeniokolea zile siku nne. Hifadhi pia ombi la hatua ya 1 kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, pamoja na kodi. Baada ya miezi sita hutakumbuka ulichuja nini.

Hatua ya 3: Tafuta mwangaza halisi

```
from astropy.cosmology import Planck18
d["Mr"] = d["dered_r"] - Planck18.distmod(d["zspek"].values).value
```

`Mr` ndiyo mwangaza halisi kupitia kichujio r, kwa kipimo kiitwacho magnitudi. Kwenye magnitudi, namba ikishuka mwangaza unapanda. Utazoea.

Hatua ya 4: Kata sampuli

Hapa ndipo wengi huteleza. Simama ufukweni usiku wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Karabai utaziona hata zikiwa mbali sana, lakini kibatari utakiona kikiwa karibu tu. Ukihesabu taa bila kufikiri, utasema huko mbali hakuna vibatari. Ombi letu liliishia magnitudi 17.77, na kwenye redishifti 0.08 hiyo ni sawa na Mr ya -20.1 hivi. Galaksi hafifu kuliko hapo zinaonekana zikiwa karibu tu, kwa hiyo ziondoe zote:

```
d = d[d["Mr"] < -20.1]
```

Inauma kutupa data. Tupa tu.

Hatua ya 5: Chora

```
plt.hist(d["dered_u"] - d["dered_r"], bins=80, range=(0.5, 3.5))
```

Magnitudi ya kichujio u ukitoa ya r ndiyo rangi ya galaksi. Vitatokea vilima viwili: buluu kushoto, nyekundu kulia. Katikati ni bonde la kijani, na mijadala mingi ya fani yetu inahusu galaksi zilizo humo: zinapita haraka kutoka buluu kwenda nyekundu au zinajikokota? Mwaka 2001 watafiti wa SDSS waliweka mpaka wa rangi hiyo kwenye 2.22. Anza nao, ila usiuone kama ukuta, maana galaksi zikiwa kubwa zaidi bonde husogea kuelekea wekundu.

Hatua ya 6: Tazama picha

Fungua picha za galaksi thelathini kutoka kilima chekundu, hasa zenye `expAB_r`, yaani uwiano wa upana mfupi kwa mrefu wa umbo lake, chini ya 0.3. Nyingine utakuta ni galaksi za mikono inayojiviringa, zimetugeuzia ukingo kama sahani iliyosimamishwa kabatini. Vumbi lake lenyewe ndilo limezifanya nyekundu. Zile safu za `dered` husahihisha vumbi la galaksi yetu tu. Ukizihesabu kama zimeacha kuzaa nyota, umezizika zingali hai.