Umenunua Leaf ya mtumba na uko Unguja? Anza na waya wa nyumba

Kila nikisimama pahala na hii gari ya umeme lazima mtu aje aulize, inakwenda masafa gani, inakula umeme kiasi gani, na betri ikifa je. Basi naandika yote hapa, na mpangilio wa kazi ambao mimi nnauona ndo sahihi ni nyumba kwanza, betri ya pili, mapambo ya mwisho. Wengi wanaenda kinyume chake, rimu mpya, taa, redio, afu usiku gari inachomekwa kwenye soketi ile ile ya pasi, na hapo ndo khatari yenyewe ilipo.

Gari nnayoizungumzia ni Nissan Leaf inayotoka Japani. Za mwanzo kabisa zilitoka mwisho wa 2010 na betri ya kilowati-saa 24, mwisho wa 2015 ikaja ya 30, na umbo jipya la 2017 lina 40. Kilowati-saa moja ndo uniti moja ile ile unayonunua ya Tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla), kwa hivyo hesabu yake nyepesi. Betri ya 24 ikiwa mpya inakupa kama uniti 21 za kutumia, ikichakaa ikabaki asilimia 70 unabaki na kama 15. Kwa mwendo wetu wa huku, taratibu na matuta kila kijiji, uniti moja inakupeleka kilomita 6 mpaka 7, maana yake hiyo iliyochakaa inakupa kama 90 mpaka 105 kwa chaji moja. Mjini kwenda Paje na kurudi ni kama 100, Nungwi na kurudi kama 120. Kwa hivyo mtu anaekaa Fuoni na kazi yake Malindi au Kiembesamaki hata hiyo iliyochoka inamtosha na inabaki, ila kama unapeleka wageni Nungwi kila siku usijidanganye, tafuta ya 30 au 40, au uwe na pahala pa uhakika pa kuchaji kulekule. Na ukinunua umeme ongeza kidogo juu, manake uniti zinazotoka ukutani si zote zinazoingia kwenye betri, nyengine zinapotea kuwa joto kwenye chaja.

Kabla hujalipa pesa ya watu, mwambie muuzaji akupigie picha ya dashi ikiwa imewaka. Pembeni kulia kuna vijiti vidogo 12, hivyo ndo vinaonesha uzima wa betri, usivichanganye na vile vikubwa vya chaji. Kijiti cha kwanza hakianguki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, baada ya hapo kila kimoja ni kama 6, kwa hivyo ikiwa na vijiti 9 jua uko kwenye asilimia 66 mpaka 72 hivi. Tatizo kuna watu wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri vijiti vyote vikarudi 12, afu baada ya muda wa kuendesha vinaanza kuanguka tena kimoja kimoja. Dawa yake nunua kile kidude cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, kinachomekwa chini ya usukani, na kwenye simu uweke programu ya LeafSpy. Hapo utaona asilimia ya afya, joto la betri, mara ngapi imechajiwa kwa chaja ya haraka, na volti za seli zote 96. Usiangalie asilimia peke yake kwa sababu hiyo nayo inadanganywa. Angalia seli ukiwa unaendesha, kanyaga mafuta kidogo (sisi tunasema hivyo hivyo tu ingawa mafuta hayamo) betri ikiwa imeshuka chini, kama kuna seli mbili tatu zinaporomoka mbali na wenziwe basi achana nayo hiyo gari hata ikiwa inang'ara kiasi gani.

Sasa nyumba, na hapa naomba usome taratibu.

Gari inavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Pasi inavuta sana lakini inakata na kuwaka, jagi la maji dakika tatu limemaliza, gari inavuta saa nane bila kupumua. Soketi ya kawaida ya miguu mitatu imeandikwa ampia 13 lakini zile za bei rahisi hazihimili mzigo huo usiku kucha. Fanya hivi, chaji nusu saa afu chomoa plagi ushike miguu yake kwa tahadhari, ikiwa vuguvugu sawa, ikiwa huwezi kuishikilia acha hapo hapo. Na iangalie soketi yenyewe, plastiki ikianza kugeuka rangi ya chai pale kwenye tundu la kulia au la kushoto, ndani yake chuma kishalegea na siku yoyote kitayeyuka.

Njia ya uhakika ni laini yake peke yake. Yaani kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba unavuta waya wa milimita 4 mpaka gari inapolala, ukiwa mbali sana weka wa 6, una brekeri yake ya ampia 16, una kile kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30, na mwisho unaweka soketi ya buluu ya mviringo ya ampia 16, zile wanazotumia kwenye mahoteli kwa mashine za nje. Hiyo inashika, haichezi, na mvua haiingii kirahisi.

Afu ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Hili ndo linalowatoa watu jasho. Chaja ya gari kabla haijatoa umeme inapima ethi kwanza, ikikosa inawasha taa nyekundu na haichaji, mtu anadhani chaja mbovu anaenda kununua nyengine. Ukimuuliza fundi atakwambia "ethi ipo tu sheikh," mwambie sawa kaka, hebu ipime mbele yangu. Nyumba nyingi kile chuma kimepigwa futi mbili kwenye jiwe, au waya umekatika siku ya kupaka rangi na hakuna aliejua. Huku kwetu ardhi ni mawe ya matumbawe, wakati wa kiangazi inakauka kabisa, kwa hivyo chuma kiende chini sana, ikibidi viwili au vitatu viunganishwe, na pahala penyewe pawe na unyevu, karibu na linapomwagika maji ya kuoshea vyombo ni pazuri. Kuna mafundi watakwambia unganisha ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya plagi, taa nyekundu izimike. Usikubali hata siku moja, nyutro ikikatika nje bodi lote la gari linakuwa na umeme, na mtoto ndo wa kwanza kuligusa.

Waya wa chaja unaokuja na gari kutoka Japani mara nyingi umeandikwa volti 200 ampia 15, na plagi yake haiingii pahala popote huku. Soma lebo. Kama imeandikwa 200 tu usiulazimishe umeme wetu wa 230, na hata ukiwa unakubali usikate plagi ukatia ya miguu mitatu, ampia 15 kwenye plagi ya 13 ni kutafuta moto. Bora ununue chaja ya kubebeka inayokubali kuchaguliwa ampia, 6, 8, 10 na kuendelea. Hakikisha mdomo wake ni ule wa matundu matano, Taipu 1, kwa sababu nyingi zinazouzwa saivi ni Taipu 2 na hazitaingia. Mimi naishauri 10, kwa volti 230 hiyo ni kilowati 2.3, saa nane unapata uniti 18, kwa ile betri ndogo iliyochoka inatosha. Lile tundu kubwa la pili pale mbele ni CHAdeMO, la chaja za haraka, na umeme wa nyumbani huliingizi humo.

Saa za kuchaji chagua usiku mkubwa, baada ya saa tano sita. Magharibi kila nyumba imewasha, feni, mafriji, jiko, umeme unakuwa mdogo na chaja inaweza kukata yenyewe. Na umeme ukikatika ukirudi unarudi kwa kishindo, kwa hivyo weka kinga. Ila si ile ya friji! Ile nyingi ni ampia 5, itaungua. Tafuta ile inayokaa ndani ya bodi, ya ampia 40 au 63, unaipangia wewe mwenyewe volti za chini na za juu za kukata na isubiri dakika ngapi kabla ya kurudisha.

Kama umechomeka kila kitu kiko sawa na bado haichaji, angalia taima. Gari zinakuja na taima alioiwekea mwenyewe wa Japani, na menyu yote Kijapani. Taa tatu za buluu juu ya dashi zikipepesa moja baada ya nyengine badala ya kubaki moja inayopepesa, hiyo inasubiri saa yake. Karibu na usukani kuna kitufe cha kuipita taima, kibonyeze, itaanza.

Joto. Leaf betri yake haina maji ya kuipoza wala feni, inapoa kwa hewa tu, na ina uzito wa karibu kilo 300, kwa hivyo ikishapata moto inachukua saa na saa kupoa. Hili kwa Zanzibar ndo linaloiua betri kuliko kilomita. Ukirudi saa nane mchana jua kali usichomeke, iache mpaka usiku. Usiilaze na chaji mia kwa mia kama kesho huendi mbali, iache kati ya 30 na 80, na za mwanzo zina kwenye menyu sehemu ya kuikatisha kwenye 80 yenyewe. Na modifikesheni ya kwanza nnayoipendekeza kwa kila mtu si ya gari, ni banda la makuti. Mabati yanashusha joto chini, makuti hayashushi, na upepo wa bahari unapita. Ila chini ya mnazi wenyewe usiegeshe.

Ukishafanya kivuli, tia tinti kwenye vioo vya pembeni na nyuma kwa kiwango kinachoruhusiwa. Eisi ya hii gari inakula betri ile ile, ndani kukiwa hakujaungua eisi inafanya kazi kidogo na unaongeza kilomita.

Mwendo wenyewe, weka ECO, na kama gia yako ina B itumie, ukiachia mafuta gari inajizuia na kurudisha umeme kwenye betri. Barabara ya Paje pale Jozani kwenye matuta ya kima punju unashuka mpaka tutani bila kugusa breki. Ndugu zetu wa Pemba wanafaidi zaidi, ile milima ya Chake kwenda Wete unapanda inakula, unateremka inarudisha sehemu. Ila kwa kuwa breki zinatumika kidogo, na hewa yetu ya chumvi, diski zinashika kutu, kwa hivyo kila baada ya siku kadhaa ukiwa pahala pa wazi kanyaga breki kwa nguvu mara mbili tatu uzisafishe. Kule kwenye mtaa wenye watoto na baiskeli kile kimlio cha mwendo mdogo usikizime, gari hii haisikiki ikija.

Betri ndogo ya volti 12 nayo uiheshimu. Ikiisha, gari haiwaki hata kubwa ikiwa imejaa, dashi inajaa mataa ya njano na watu wanaanza kukutajia kompyuta. Pima asubuhi kabla hujaifungua gari, chini ya 12.4 ichaji kwa chaja yake, ikishuka tena upesi badilisha. Kama gari yako ina kile kipande cha sola juu ya spoila ya nyuma, kinachaji hii ndogo tu, ile kubwa hakiigusi, lakini kisafishe vumbi kifanye kazi yake. Na usikubali kumstua mwenzako wa gari ya petroli kwa betri hii, haina nguvu hiyo.

Kuinyanyua gari inasaidia, watu wanatia vipande vya raba juu ya springi, sentimita mbili au tatu zinatosha, ukizidisha shafti zinakaa upande na zinaanza kugonga. Tairi zijaze kiwango kilichoandikwa mlangoni, nyingi ni kama PSI 36. Redio nyingi za Japani zinaanzia 76 zinaishia 90, stesheni zetu ni 88 mpaka 108, kwa hivyo utatia ekspanda (kidude kinachozisogeza stesheni ziingie kwenye redio) kwenye waya wa antena, kazi ya dakika chache. Maji ya rejeta tia kulanti ya kweli, maji ya kisima chetu yana chokaa na chumvi na yatakula njia za inveta, ile inayougeuza umeme wa betri kwenda kwenye mota.

Ufukweni usiingie nayo. Maji ya mvua kidogo barabarani inapita, lakini maji ya chumvi yakifika ndani ya betri yanaweza kuleta moto hata siku kadhaa baadae, na moto huo hauzimiki kwa ndoo.

Waya za rangi ya chungwa usiziguse na usimruhusu fundi wa mtaani azikate kutafuta "nafasi ya spika". Humo mna kama volti 360 za umeme wa betri (DC), na zinaua. Anaetaka kubadilisha betri ya 24 aweke ya 40 inawezekana, inaingia pale pale chini, ila inahitaji kisanduku kidogo cha kutafsiri mawasiliano kati ya betri mpya na gari kongwe, na fundi aliesomea hayo, mwenye glavu za umeme na anaeanza kwa kuchomoa plagi ya usalama. Betri ya zamani usiitupe wala kuiuza chuma chakavu, moduli zake 48 zile ambazo bado nzima zinafanya kazi nzuri ya sola nyumbani.