Kabla ya Kuilaumu Amplifaya ya Zamani

Amplifaya yangu ya kwanza ya zamani, mashine ya kukuzia sauti ya spika, niliiwasha kwa kiherehere. Ilikuwa imelala stoo miaka mingi. Nikachomeka waya ukutani, nikaunga spika zangu nzuri, nikabonyeza. Taa za mbele zikawaka manjano, nikatabasamu. Mara koni ya besi ya spika ya kushoto ikasukumwa nje na kuganda hapo hapo, bila muziki wowote. Harufu ilinifikia kabla sijaigusa swichi. Koili ya spika ilikuwa imeshaungua.

Tangu siku hiyo kila amplifaya kuukuu ninayoletewa huanza na ukaguzi, muziki baadaye. Soma nyuma volteji yake kwanza: zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutaka 100, za Marekani 120, na ukizichomeka kwenye umeme wa 230 umezizika. Toa fyuzi uitazame, ulinganishe namba yake na iliyoandikwa kwenye bodi. Nimewahi kukuta moja imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kisha itafute balbu ya kizamani, ile ya waya unaowaka, wati 60 hivi. Ya LED haifai. Iunge mfululizo kwenye waya wa moto unaoingia kwenye amplifaya, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza. Ukiwasha, balbu ikimulika kidogo halafu ikafifia, endelea. Iking'aa moja kwa moja, ndani kuna shoti: zima. Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani, kazi hii mpe fundi. Hata ukishachomoa waya, zile kapasita kubwa za ndani (vidude vya kuhifadhi chaji) hubaki na chaji inayoweza kukurusha.

Ikipita hapo, toa balbu, washa tena bila spika, volyumu sifuri, uisubiri dakika tano ipate joto. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye milivolti za DC, umeme wa upande mmoja kama ule ulioisukuma besi yangu ikaganda, ncha moja kwenye tundu jekundu la spika, nyingine kwenye jeusi. Chini ya milivolti 50, sawa. Ikizidi 100, usiunge spika mpaka irekebishwe. Pima na upande wa pili; mimi niliyeunguza koili ndiye ninayekuambia.

Volyumu ikikwaruza, au upande mmoja ukipotea na kurudi, mara nyingi ni uchafu tu. Zima, puliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme (si mafuta ya kulainisha bawaba!), kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Fanya hivyo hivyo kwa besi, trebo na swichi za kuchagulia. Hapo ndipo wengi husema amplifaya "imefufuka".

Sasa unga simu au kompyuta. Tundu la kutumia ni AUX au TUNER. Usichomeke PHONO: hilo lilitengenezwa kwa sindano ya santuri inayotoa milivolti chache tu, na hupandisha besi makusudi. Utasikia mngurumo mzito na sauti iliyopasuka, kisha utailaumu mashine bure.

Hata AUX ina mtego wake. Nyingi za miaka ya 1970 hufikia nguvu zote kwa milivolti 150 hivi, ilhali kicheza CD hutoa hadi volti 2. Ndiyo maana ukigusa volyumu kidogo tu nyumba inatetemeka. Na volyumu hizo, zikiwa chini kabisa, huwa hazigawi sawa kushoto na kulia. Punguza sauti kwenye simu yenyewe, ili volyumu ya amplifaya ifanye kazi karibu na katikati.

Wati zisikutishe. Amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 kwa kila upande, na watu waliipenda. Kuongeza wati mara mbili hukupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, itafika 102 kwa wati 16. Hizo ni kelele za kutosha kugombana na jirani. Ila soma omu (kipimo cha ukinzani wa spika) nyuma: kama imeandikwa 8, usiipe spika za 4.

Ukitaka kuilinganisha na ya kisasa, usiamini sikio peke yake. Yenye sauti kubwa kidogo mara nyingi hushinda. Cheza mlio mmoja usiobadilika, pima volti za AC (umeme unaogeuka-geuka, ndio unaobeba sauti) kwenye matundu ya spika, uzisawazishe zote mbili, halafu mwombe mtu abadilishe bila kukuambia. Mimi, kwa sauti ya sebuleni, nilibahatisha tu. Zikiwa kimya nilizitambua haraka: ya zamani ilivuma, na mvumo haukubadilika nilipozungusha volyumu. Zilikuwa zile kapasita kubwa za kuchujia umeme, zimekauka. Nilipozibadilisha, mvumo ukaisha.

Bluetooth nimeiongezea kwa kidude kidogo kilichochomekwa AUX. Kwa rimoti sijapata dawa. Kila wimbo ukipiga kelele, nanyanyuka.