Kupima mnato wa maji kwa mtikisiko wa chembe

Molekuli za maji hugonga chembe ndogo kila upande bila mpangilio, na mnato, yaani jinsi maji yanavyopinga kutiririka, ndio unaoamua chembe itasogea kiasi gani. Tone moja latosha kuupima.

Changanya chembe za polistireni (aina ya plastiki) zenye kipenyo cha mikromita 1 na maji safi, hadi hadubini ionyeshe chembe 20 hivi kwa picha. Weka tone kwenye slaidi, lifunike, kisha ziba kingo zote kwa rangi ya kucha. Hapa ndipo wengi huharibu: maji yakivukiza, mkondo huzikokota chembe zote upande mmoja. Lenga angalau mikromita 10 kutoka kioo, kwani karibu nacho chembe husogea polepole. Rekodi picha 30 kwa sekunde.

Kwa kila muda t, tafuta wastani wa mraba wa umbali ambao chembe zimesogea, kisha uuchore kwenye grafu dhidi ya t. Grafu iliyonyooka ina mteremko wa 4D; D ni kipimo cha jinsi chembe zinavyosambaa haraka. Ikipinda kwenda juu, kuna mkondo. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, tarajia D ya mikromita za mraba 0.49 kwa sekunde.

Mnato ni kT/(6πDr): k ni namba thabiti ya Boltzmann, T halijoto kwa kelvini, r nusu kipenyo. Pima halijoto penye slaidi; nyuzi moja hubadili mnato kwa asilimia 2 hivi.