Kupanga orodha ya kazi za mwigizaji wa Marekani: mfano wa Cicely Tyson

Anza na jukwaa. Filamu na vipindi vya televisheni hurudiwa, lakini igizo likimalizika hubaki kwenye kumbukumbu tu, kwa hiyo ndilo linalosahaulika upesi.

Chora safu nne: mwaka, kazi, nafasi aliyoigiza, ukumbi au kituo cha televisheni. Kisha fungua IBDB, hazina ya mtandaoni ya maonyesho ya Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York. Kwa Tyson utaona The Corn Is Green, 1983, halafu kimya cha miaka 30 hadi The Trip to Bountiful, 2013. Usiandike kwamba alistaafu. Miaka hiyo alikuwa mbele ya kamera.

Kosa kubwa zaidi ni kuishia IBDB. Mwaka 1961 Tyson aliigiza katika igizo la The Blacks kwenye ukumbi wa St. Mark's Playhouse, New York, na huko IBDB hutaliona. Broadway ni kumbi za viti 500 na kuendelea. Zile za viti 100 hadi 499 huitwa Off-Broadway, na kumbukumbu zake zimo Lortel Archives, hazina nyingine ya mtandaoni. Kwa waigizaji weusi wa kizazi chake, kumbi hizo ndogo zilikuwa na uzito mno, na orodha isiyozitaja humdhulumu mtu.

Tarehe ya igizo iwe ya usiku wa uzinduzi: Bountiful ni 23 Aprili 2013. Maonyesho ya majaribio hutangulia na tiketi zake huuzwa, ndiyo maana utakuta tarehe mbili. Aliyekuwa mwigizaji wa akiba muandike hivyo hivyo; jina kuwemo kwenye programu si ushahidi kwamba alipanda jukwaani.

Kwa televisheni, tumia siku ya kurushwa mara ya kwanza. The Autobiography of Miss Jane Pittman (kituo cha CBS, Januari 1974) ilimpa tuzo mbili za televisheni za Emmy, lakini ni mstari mmoja. Bountiful inahitaji miwili: igizo la 2013 na filamu ya kituo cha televisheni cha Lifetime ya 2014.

Umri uhakiki mwenyewe. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Tyson alizaliwa 1933, kumbe ni 1924. Alipopokea Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, mwaka 2013 alikuwa na miaka 88, si 79.

Majina nayo hugongana. Vanessa L. Williams aliigiza katika filamu ya Soul Food ya 1997. Vanessa Williams wa tamthilia ya televisheni ya Soul Food, iliyoanza 2000, ni mwanamke mwingine kabisa. Linganisha picha kabla ya kunakili mstari wowote.