Kamba, Mawe na Maua: Jinsi ya Kutandaza Njia ya Maisha na Aliyepitia Vita

Tiba ya masimulizi ya maisha, ambayo aliyepata kiwewe (jeraha la moyo) hutandaza njia ya maisha yake kwa kamba kisha akaisimulia, ilitungwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na huko washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa. Kwa hiyo si kazi ya madaktari bingwa peke yao, ila inataka mafunzo na msimamizi. Mteja anayepanga kujiua, au anayeishi bado na anayempiga, haanzi na kamba. Anaanza na usalama.

Tafuta chumba ambacho sauti haitoki nje, na dakika 90 zisizokatizwa. Mkalimani asiwe jirani wala ndugu, na abadani asiwe mtoto wa mteja: mama hatataja kubakwa mbele ya mwanawe. Kwa waliokimbia vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, kabila la mkalimani laweza kumfunga mtu mdomo kabla hajaanza, basi mteja mwenyewe aseme anamridhia nani. Akisema amelogwa au ana majini, usibishane naye. Muulize alikokwenda kutafuta msaada na kilichompa nafuu.

Andaa kamba ya mita mbili hivi, mawe makubwa kwa madogo, na maua. Yakikosekana, hata ya karatasi yanafaa. Weka na vijiti, kwa aliyelazimishwa kudhuru wengine.

Mteja anaitandaza kamba chini, akianzia kuzaliwa. Ncha ya pili ya kamba inabaki imekunjwa: hayo ni maisha yajayo. Kwa mpangilio wa miaka anaweka jiwe kwa kila tukio la kuogofya na ua kwa kila jema: ndoa, mavuno, jirani aliyemficha. Kila kimoja akipe jina, mahali na wakati, basi. Asipokumbuka mwaka, uliza: maharage yalikuwa yamevunwa? Mtoto yupi alikuwa mgongoni?

Hapa ndipo washauri wapya wanapoharibu. Mteja anaanza kulieleza jiwe, mshauri anamwacha, muda unakwisha, naye anarudi nyumbani na kidonda kilicho wazi. Mwambie: “Mama, jiwe hili tumeliona. Tutalirudia siku yake.”

Siku hiyo ni katika vikao vya kusimulia. Tiba nzima kwa kawaida huchukua vikao 4 hadi 12. Ukifika kwenye jiwe, punguza mwendo. Aliona nini, alisikia nini, aliwaza nini? Kisha: “Na sasa hivi, mwilini unasikia nini?” Kumbukumbu ya kiwewe humjia mtu kana kwamba jambo linatokea leo, kwa kuwa harufu na sauti zimebaki bila tarehe wala mahali. Kazi yenu ni kuzipa. Hofu ikiwa kileleni usikate kikao. Endelea hadi aeleze alivyotoka na alikolala usiku ule, na mwili utulie. Ukikatiza, unamthibitishia kwamba jambo lile halivumiliki.

Akizubaa, macho yakaganda, usimwambie afumbe macho. Apishanishe miguu aikaze, akunje ngumi, ataje vitu anavyoviona chumbani. Kukaza misuli hupandisha shinikizo la damu, ambalo hushuka mtu anapoelekea kuzimia. Aliyenyamaza kwa aibu ni mwingine, huyo mngoje.

Andika masimulizi baada ya kikao, umsomee kikao kijacho arekebishe. Mwishoni hati nzima inasomwa na kutiwa saini. Kabla ya kumkabidhi, uliza nani mwingine nyumbani anaweza kuisoma. Kama kuna hatari, ibaki kwenye kabati lenye kufuli.