Namna ya Kuwaenzi Wanamuziki wa Arusha Katika Mtaa Wenu

Mwongozo huu ni kwa kamati ya mtaa, kikundi cha vijana, shule au familia yoyote ya Arusha inayotaka kuwaenzi wanamuziki wa eneo lake. Ninashauri kumbukumbu zitangulie sherehe, kwa sababu sherehe iliyoandaliwa bila kumbukumbu huishia kumsifu mwimbaji mmoja mwenye jina na kuwasahau wapiga magitaa, wapiga tumba na waitikiaji ambao bila wao wimbo usingekuwapo.

Chagueni kwanza tawi moja la muziki, maana kamati inayotaka kuyashika yote kwa mpigo mmoja huchoka kabla ya kufika popote. Zipo bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, zipo kwaya na vikundi vya matarumbeta vilivyokulia katika sharika za Kilutheri za Meru na Kilimanjaro, zipo nyimbo za Kimaasai ambazo olaranyani, yaani mwimbaji kiongozi, huziongoza na wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni, na ipo hip hop, ambayo kwa vijana wa Chuga, kama wanavyoiita Arusha, ndiyo sauti ya mji. Mkishachagua, andikeni majina ya wote walioshiriki, kila mmoja na kazi yake: aliyepiga gitaa la solo, wa rithim, wa besi, aliyetunga, aliyeitikia.

Umuhimu wa orodha hiyo unaonekana kwa kundi la X Plastaz, lililoanza hapa katika miaka ya 1990 na kutoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Likitajwa, watu humkumbuka upesi Faza Nelly, aliyefariki mwaka 2006, na Gsan. Lakini albamu ile isingekuwa na sura yake bila Yamat Ole Meipuko, aliyeimba kwa namna ya Kimaasai juu ya biti za hip hop. Ukimwacha yeye, umeliacha jambo lenyewe lililowafanya wasikilizaji wa mbali watambue kwamba muziki huu umetoka Arusha. Akina Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na Lord Eyez, waliokuja kujulikana kwa pamoja kama kundi la hip hop la Weusi, historia yao iandikwe sasa, wakiwapo wenyewe wa kuisahihisha.

Kwa bendi za dansi, jiandaeni kutafuta hata nje ya nchi. Ndugu Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walipiga muziki hapa mwaka 1970 wakiwa na Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Nairobi mwaka uliofuata na kuunda Simba Wanyika. Wengi wanaozicheza nyimbo za bendi hiyo harusini hawajui kwamba safari yake ilipitia Arusha. Enzi hizo santuri zilichapwa Nairobi, na bendi nyingi za Tanzania zilikwenda kurekodi huko hadi mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Baada ya hapo kazi ya kurekodi ilibaki zaidi mikononi mwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa hiyo wimbo wa kabla ya mwaka huo ulizieni santuri yake, na msome karatasi ya katikati, ambayo mara nyingi ina jina la mtunzi. Wimbo wa baadaye utafuteni kwenye kanda za redio, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na kwenye kaseti ambazo watu walirekodia majumbani.

Mnapokwenda kwa mzee, nendeni wawili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kushika kinasa sauti, na mtangulize taarifa kupitia mtoto au mjukuu wake. Baada ya shikamoo na chai, msikimbilie kumwuliza alianza muziki lini, kwa kuwa tarehe ndizo za kwanza kumtoka mtu kichwani. Mwekeeni picha ya bendi mezani, au mpigieni wimbo wake kwenye simu, kisha mnyamaze. Mpiga rithim akiusikia wimbo wake, vidole vya mkono wa kushoto huanza kusogea juu ya paja vikifuata kodi za gitaa kabla hajasema neno. Acheni wimbo uishe, halafu mwulizeni ni nani aliyekuwa akisimama kulia kwake jukwaani. Kuanzia hapo majina huja yenyewe, pamoja na kumbi, malipo, na habari ya vyombo vilikuwa mali ya nani. Miaka itafuteni kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, kabla au baada ya vita vya Kagera. Msiondoke bila kuzungumza na mama wa nyumba, kwani mara nyingi yeye ndiye aliyezitunza picha.

Kaseti zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kuicheza, vunjeni vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuufuta wimbo usio na nakala nyingine. Kisha angalieni kipande kidogo cha sponji kilicho nyuma ya utepe, katikati ya mdomo wa kaseti: kikibanduka, sauti hufifia hata kama utepe ni mzima, na fundi anaweza kuuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Mkiona ukungu mweupe, msiicheze kabisa. Kama hakuna ukungu, safisheni kichwa cha redio kinachosoma utepe kwa pamba yenye spiriti, zungusheni utepe hadi mwisho na kuurudisha ili ulegee, ndipo mnakili kwa waya unaoingia kwenye kompyuta. Simu iliyowekwa mbele ya spika hunasa na kelele za barabarani. Faili la kwanza liwe WAV, aina isiyoibana sauti, ya biti 24 na kilohezi 48, na MP3 itengenezwe baadaye kwa ajili ya kusambaza. Wekeni nakala tatu, mojawapo ikiwa kwa familia.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karibu kila wimbo mtakaoukuta una mwenyewe. Ruhusa iandikwe na kusainiwa na mzee au warithi, ikieleza kazi itatumiwa wapi. Kuhusu kupiga nyimbo hadharani, wasilianeni na COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki. Kuhusu kibali cha onyesho, anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Na mwanamuziki anayealikwa kupiga siku ya kuenziwa alipwe. Nimeshuhudia wazee wakivishwa maua jukwaani, kisha wakahangaika kutafuta nauli ya kurudi nyumbani, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ukumbi mdogo unafaa kuliko uwanja, kwa sababu watu husikia maneno. Wazee wapige pamoja na vijana, na mazoezi yaanze mapema. Wanafunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, wanaweza kuombwa kuziba nafasi za wapigaji waliofariki. Umri humpunguzia mwimbaji sauti za juu, kwa hiyo wimbo ushushwe sauti moja au mbili kumfuata yeye.

Mkitaka jina la mwanamuziki lipewe barabara, ombi lianzie kwenye mkutano wa mtaa, lipite kamati ya maendeleo ya kata, kisha lifike kwa madiwani. Ambatanisheni orodha ya kazi zake, picha, na barua ya familia, ili madiwani waamue kwa ushahidi. Kibao kikikubaliwa, jina liandikwe kama mwenyewe alivyokuwa akiliandika, na chini yake kitajwe chombo alichopiga.