Kaunsili yako Uingereza: nani ana mkufu, nani ana saini, na wewe umwandikie nani

Julai 2018, Lord Mayor wa Sheffield, Magid Magid, kijana mwenye asili ya Somalia aliyeingia Uingereza akiwa mtoto mkimbizi, alitangaza kwamba Donald Trump amepigwa marufuku kukanyaga mji wake. Picha zikasambaa dunia nzima. Wengi wetu tulicheka na kufurahi, na wapo waliouliza swali la maana: kumbe meya wa huku ana nguvu hizo? Hana. Lord Mayor wa Sheffield hawezi kumzuia mtu hata kuegesha gari. Anaongoza vikao vya baraza, anapokea wageni, anavaa mkufu na kuuwakilisha mji kwa mwaka mmoja, kisha ikifika Mei madiwani wanamchagua mwingine.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu ana shida ya nyumba au ya shule ya mtoto, anaandika barua ndefu kwa "Mayor", anajibiwa na ofisi yake kwa adabu nyingi kwamba jambo lake limepelekwa idara husika, na wiki tatu zimekwenda.

Ninayoeleza hapa yanawahusu walioko kwenye miji mikubwa ya kaskazini na katikati ya England: Manchester, Bolton, Leeds, Bradford, Sheffield, Birmingham, Coventry, Liverpool, Newcastle na majirani zake. London ina utaratibu wake. Kent nako kuna ngazi mbili: kaunti inashughulika na shule na barabara, wilaya inazoa taka. Kwa hiyo shemeji yako aliyeko Maidstone akikupa ushauri, mshukuru, halafu kaulize kwenu.

Huku kwetu kaunsili, yaani halmashauri, ni moja. Wilaya hizi za miji mikubwa ziko 36, zilianza kazi Aprili 1974, na juu yake kulikuwa na mabaraza 6 ya kaunti. Serikali ya Margaret Thatcher iliyafuta mabaraza hayo mwaka 1986, kazi zake nyingi zikashuka kwa wilaya. Ndiyo maana leo ofisi ileile inayokudai kodi ya kaunsili ndiyo inayopanga nafasi za shule, kuzoa taka, kusajili vizazi na vifo, kutoa leseni za teksi, kushughulikia wasio na makazi, na kuendesha huduma za ustawi wa jamii kwa watoto na wazee. Polisi, zimamoto na mabasi hawako chini yake. Hospitali ni za NHS, Universal Credit, ile posho ya wenye kipato kidogo, ni ya serikali kuu, na viza ni Home Office, wizara ya mambo ya ndani. Diwani hawezi kukuharakishia viza. Anayeweza angalau kuuliza huko ni mbunge wako.

Mameya wa aina tatu

Wa kwanza ni huyo wa mkufu. Wa pili ni meya anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi kuendesha kaunsili yenyewe. Hao ni wachache: Doncaster na North Tyneside wanaye tangu 2002, Salford tangu 2012. Liverpool nao walikuwa naye kuanzia 2012, wakauacha mfumo huo 2023. Ukiishi Salford, basi, meya si pambo. Ndiye mwenye kaunsili.

Wa tatu ndiye unayemwona kwenye televisheni. Andy Burnham alichaguliwa 2017 kuwa meya wa Greater Manchester yote, yaani wilaya 10 kwa pamoja, si kaunsili ya jiji la Manchester. Tracy Brabin alichaguliwa 2021 kwa West Yorkshire, Richard Parker 2024 kwa West Midlands. Mameya hawa wanashika usafiri, mafunzo ya ufundi na mipango ya uchumi ya eneo zima. Mabasi ya njano ya Manchester ni mfano mzuri: yalianza kurudi mikononi mwa umma Septemba 2023, na kazi hiyo ilifanywa na ofisi ya meya wa eneo, si na kaunsili za Bolton au Wigan. Basi la asubuhi likikuacha kituoni kila siku, usimsumbue diwani wa taka.

Mkenya ataelewa haraka akimfikiria meya wa Doncaster kama gavana wa kaunti, maana wote wawili wanapigiwa kura na wananchi wenyewe. Sehemu nyingi, hata hivyo, haziko hivyo.

Mwenye nguvu ni kiongozi wa kaunsili

Sehemu nyingi mtawala halisi anaitwa kiongozi wa kaunsili. Ni diwani kama wengine, amechaguliwa kwenye kata moja tu, lakini madiwani wenzake wamempa uongozi, kwa kawaida kwa sababu chama chake kina viti vingi. Anateua kabineti, na sheria inaweka kikomo: watu 10 pamoja na yeye mwenyewe. Mmoja anapewa nyumba, mwingine watoto na shule, mwingine fedha, mwingine barabara. Maamuzi mengi mazito hupita kwa watu hao wachache. Madiwani waliobaki, na Manchester wako 96 kwa jumla, huingia kwenye kamati za kuihoji kabineti na kwenye kamati za mipango miji na leseni. Kuna jambo moja ambalo kabineti haiwezi kulimaliza peke yake, nalo ni bajeti na kiwango cha kodi ya kaunsili. Hayo hupigiwa kura na baraza zima kila mwaka kabla ya Aprili, mara nyingi Februari au mwanzoni mwa Machi. Ukitaka kupiga kelele kuhusu maktaba kufungwa, piga Novemba au Desemba rasimu inapotolewa. Ukija Aprili, pesa zimeshagawanywa.

Sheffield ni kisa cha peke yake. Mwaka 2012 kaunsili ilisaini mkataba wa miaka 25 na kampuni ya kutunza barabara, na miti ya mitaani ikaanza kukatwa kwa maelfu. Novemba 2016, kabla ya kupambazuka, polisi walifika Rustlings Road pamoja na wakata miti. Wakazi wakatolewa vitandani wasogeze magari, na wastaafu wakakamatwa. Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu waone kwamba kabineti ndogo inaamua bila kuwasikia hata madiwani ambao wakazi waliwachagua. Sheria wakati huo ilisema asilimia 5 ya wapigakura wakisaini ombi, kura ya maoni ni lazima. Walisaini. Mei 2021 karibu theluthi mbili wakataka mfumo wa kamati, na kuanzia Mei 2022 kabineti ikavunjwa. Maamuzi yakahamia kwenye kamati zenye madiwani wa vyama vyote. Mimi naona lile lilikuwa somo kubwa kuliko marufuku ya Trump, ila halikuwa na picha nzuri.

Wasiopigiwa kura

Chini ya wanasiasa kuna maafisa, na hao ndio utakaokutana nao. Mkuu wao ni mtendaji mkuu. Mtanzania asimlinganishe moja kwa moja na mkurugenzi wa halmashauri, maana yule wa nyumbani anateuliwa na Rais, huyu anaajiriwa na kaunsili yenyewe na baraza zima ndilo linaloidhinisha. Pamoja naye kuna wawili ambao sheria inalazimisha wawepo: mkuu wa fedha, na afisa anayehakikisha kaunsili haivunji sheria.

Huyo wa fedha ana rungu. Akiona matumizi yatazidi mapato, anatoa tangazo rasmi linalosimamisha matumizi mapya yote isipokuwa yale ya lazima kisheria. Birmingham ilifika hapo Septemba 2023, kutokana na madai ya wanawake waliolipwa pungufu kuliko wanaume kwa kazi zenye thamani sawa, pamoja na mfumo mpya wa kompyuta uliokwenda mrama. Serikali kuu ikaleta makamishna wa kuisimamia, na kodi ya kaunsili ikapanda karibu asilimia 10 mwaka 2024. Ikiwa unaishi huko na unashangaa kwa nini diwani wako anajibu kila ombi kwa "hatuna fedha", sababu ndiyo hiyo.

Namna ya kumtumia diwani

Kata nyingi kwenye wilaya hizi zina madiwani watatu. Ingiza postikodi yako kwenye tovuti ya kaunsili, utaona majina yao, vyama vyao na barua pepe zao. Usiandike kwa diwani wa kata ya rafiki yako kwa sababu tu ni Mwafrika mwenzetu au mnaswali msikiti mmoja; atakurudisha kwa wako, ndivyo desturi ilivyo. Na si lazima uwe ulimpigia kura, wala uwe na haki ya kupiga kura. Mkongomani aliyeletwa Bolton au Sheffield kwa mpango wa kuwapokea wakimbizi ana diwani sawasawa na Mwingereza wa mtaa huohuo.

Kabla ya kumwandikia, piga simu kaunsili kwanza na upate namba ya kumbukumbu. Diwani bila namba hiyo ataanza kwa kukuuliza ipo wapi. Kisha andika kwa ufupi: jina, anwani, namba, tarehe uliyoripoti, ulichojibiwa, na jambo moja unalotaka lifanyike. Moja, si sita. Ukungu chumbani mwa mtoto uwe na picha zenye tarehe. Hadithi ya miaka minne ya kuhangaika iweke akiba, utaisimulia mkikutana ana kwa ana. Madiwani wengi wana saa maalumu za kusikiliza watu, mara nyingi Jumamosi maktaba au ukumbi wa jamii, na huhitaji mwaliko. Anachofanya ni kuipeleka hoja kwa maafisa, nao hujua kwamba atarudi kuulizia jibu.

Yapo asiyoweza. Mtoto akinyimwa shule mliyoomba, rufaa inasikilizwa na jopo huru, na diwani hana kura humo. Leseni yako ya teksi ikiwa mezani kwa kamati, usiwapigie wajumbe wake simu usiku. Mjumbe aliyeshawishiwa pembeni inabidi ajitoe, na umempoteza aliyekuwa upande wako.

Ikishindikana, fungua malalamiko rasmi na uyafuate hadi hatua ya mwisho ya kaunsili. Baada ya hapo nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili, bure, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Mpangaji wa nyumba ya kaunsili mwenye shida ya matengenezo huenda kwa Housing Ombudsman badala yake.

Neno kwa wenye viza inayokataza fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Kumwandikia diwani si kupokea fedha za umma, wala kumpeleka mtoto shule ya serikali. Punguzo la asilimia 25 la kodi ya kaunsili kwa mtu mzima anayeishi peke yake, hata akiwa na watoto wadogo, nalo halimo. Lakini msaada wa kodi hiyo unaotolewa kwa sababu ya kipato kidogo umo, na kuuomba kunaweza kukuharibia viza. Fomu mbili hizo hukaa karibu karibu kwenye tovuti. Soma mara mbili kabla ya kubofya.

Kura unayo, pengine hujui

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni wa Jumuiya ya Madola. Ukiwa na ruhusa halali ya kuishi Uingereza, hata viza ya mwanafunzi, unaweza kujiandikisha na kupiga kura, ya madiwani na ya ubunge pia. Kwa Watanzania jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu nyumbani uraia pacha haukubaliwi na wengi wanaishikilia pasipoti yao miaka na miaka. Kura wanayo bila kuiacha. Wenzetu wa Burundi na Kongo hawana mpaka wapate uraia wa Uingereza.

Kujiandikisha ni kwenye tovuti ya serikali, na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na tangu 2023 lazima uoneshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika, hata iliyoisha muda, ilimradi sura bado ni yako. Zipo kaunsili zinazochagua theluthi ya madiwani kila mwaka na kupumzika mwaka wa nne. Birmingham, Liverpool na Doncaster huchagua wote kwa mpigo mmoja kila baada ya miaka minne.

Ukitaka kugombea mwenyewe, raia wa Madola anahitaji kuwa na ukaazi wa kudumu, umri wa miaka 18, na uhusiano wa kweli na eneo, kwa mfano kuishi au kufanya kazi hapo miezi 12 iliyopita. Dhamana ya fedha haidaiwi. Kinachowakwamisha wengi wetu ni ajira: aliyeajiriwa na kaunsili haruhusiwi kuwa diwani wa kaunsili hiyohiyo, hata akiwa msafishaji au msaidizi wa darasa. Anayetunza wazee kupitia kampuni binafsi hayuko kwenye fungu hilo, lakini aulize kwanza ofisi ya uchaguzi kabla ya kuchapisha vipeperushi.